Pweza Ndani ya Sanduku la Chai

Jumamosi, 5 Agosti 1967

Kile kicheko bado kimo masikioni mwangu. Kicheko cha watu wengi, kinachoanza pamoja na kukatika pamoja, kama bomba lililofungwa. Nilikisikia Nairobi mwezi uliopita, sebuleni kwa khalati Kadija, dada ya mama, kikitoka ndani ya televisheni. Watu wenyewe hawaonekani. Wanaoonekana ni ngamia wa kuchorwa: baba, mama na watoto, wanaokaa nyumba ya kupanga, shingo zao zimetokea madirishani. Baba ngamia akimwinamia mkubwa wake wa kazi mpaka pua inafagia sakafu, wale wasioonekana wanacheka. Mama ngamia akinunua pazia refu kuliko la jirani, wanacheka tena.

Nilipigwa na butwaa. Katuni, kitu cha kutuliza watoto, ilikuwa ikisema mambo ambayo mtu mzima akiyasema hadharani haalikwi tena harusini.

Kilichonishtua zaidi ni mume wa khalati, Bwana Jaafar. Ni karani. Mkubwa wake akipiga chafya, yeye husimama. Alimtazama yule ngamia akiinama, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema anamjua mtu wa namna hiyo pale ofisini, anakaa meza ya dirishani. Jumatatu akatoka mapema kwenda kumfungulia mkubwa mlango wa gari. Lakini naamini aliufungua kwa mawazo. Kitu kilikuwa kimeanza kumwingia.

Leo nimejua kwa nini Mungu alinionyesha ngamia wale. Bwana Phineas wa ofisi ya habari, mtu wa bara aliyepanga ghorofa ya juu ya ami Jamaludin, amemwambia mama kwamba kituo cha televisheni Nairobi kinataka wasichana waliosoma na wanaojua kuchora, wakafundishwe kazi. Yeye anaondoka Jumamosi ijayo na anaweza kuwachukua. Sharti lake moja: mlezi wa msichana amwendee mwenyewe, aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhika. Hataki ugomvi na wazee wa hapa kisiwani Amu.

Baba yangu hayuko duniani. Mlezi wangu ni ami Jamaludin, ndugu yake.

Alasiri nilimpelekea ami kahawa pale dakani, baraza ya mlangoni, anapokaa kutazama wapita njia. Niliitia tangawizi nyingi ili aone heshima. Nikasimama. Akaniuliza kuna nini. Nikasema Bwana Phineas anasafiri Jumamosi. Ami akapiga funda la kahawa, akakohoa.

Basi. Yamekwisha. Kikohozi kile nakijua tangu utotoni. Ni kukataa. Sikuendelea. Mtu aliyesoma haulizi swali ambalo jawabu lake analijua.

Imebaki njia moja. Katuni.

Jumapili, 6 Agosti

Nimefikiri sana. Mtu wa kuchorwa hana ukoo. Akisema jambo, hakuna wa kwenda kumshtakia. Mimi nikimwambia ami kwamba amezoea kufungafunga kila kitu, milango, madirisha, sukari na maisha ya watu, huo ni utovu wa adabu. Pweza akifungafunga, huo ni mchezo.

Kwa hiyo ami atakuwa Pweza.

Mpango wenyewe ni huu. Jumatano ni siku ya wanawake nyumbani kwa jirani yetu Hadia, bibi arusi. Nitawaonyesha katuni. Watacheka. Watarudi kwao wawasimulie waume zao. Waume watacheka msikitini, wakisubiri sala. Ami atasikia, atajiona, atashtuka, ataona haya, atapanda ngazi kwa Bwana Phineas. Sioni mahali ambapo mpango huu unaweza kuharibika.

Televisheni nimeipata. Ni sanduku la chai kutoka duka la Bwana Jeilani, la ubao mwembamba. Upande wa mbele nitakata dirisha. Ndani nitatia mipini miwili ya fagio, mmoja juu na mmoja chini, na karatasi ndefu yenye picha itatoka mpini huu kwenda ule nikizungusha. Nyuma nitaweka taa ya karabai. Bwana Jeilani aliuliza kwanza kama sanduku ni la ami. Nilipokana, akanipa bure. Hawajasemezana tangu walipogombana juu ya mfereji wa Bwana Jeilani, ambao ami anasema unamwaga maji ya mvua ukutani kwake, na Bwana Jeilani anasema ukuta ndio unaoyafuata maji.

Karatasi amenipa Bwana Phineas. Ana rundo la matangazo ya serikali ya zamani, makubwa, ya karatasi nzuri, na nyuma ni meupe kabisa. Nimeyaunganisha kwa gundi ya unga wa ngano. Bwana Phineas aliniuliza kama ami ana habari ya ile nafasi ya Nairobi. Nikamwambia mazungumzo yanaendelea.

Alawiya amekuja kusaidia bila kuitwa. Ni binti ya ami, tumelingana umri, na kazi yake katika sanaa ni maua. Maua tu, kila mahali, hata pembeni mwa hesabu alipokuwa shule. Watu wanampenda mno. Alawiya huomba vitu. Huviomba tu, kama unavyoomba chumvi mezani, na hupewa. Nimechunguza tabia hii kwa muda mrefu. Nadhani ni ya watu wasio na maisha ya ndani.

Nimempa kazi ya kupaka rangi maji ya bahari.

Jumatatu, 7 Agosti

Pweza amekamilika. Nilijitisha mwenyewe. Mkono wa kwanza umeshika ufunguo, wa pili unafunga dirisha, wa tatu umeziba mdomo wa chupa, wa nne umeshika mwavuli kama wa ami, na mingine inafunga vitu ambavyo mwenyewe havijui. Uso ni wa mtu anayekaribia kukohoa.

Halafu kuna shujaa wetu. Huyu ni samaki, kolekole mchanga, mwembamba, mwenye macho mapana na kitabu chini ya pezi. Anaishi katika pango la Pweza. Kila Pweza anapofunga kitu, Kolekole hugeuka kwa watazamaji na kusema maneno mazito juu ya uhuru, elimu na nafsi. Maneno hayo nitayasoma mimi.

Alawiya aliyasoma yote. Akasema huyu Kolekole ana maneno mengi. Nikamwambia anawakilisha dhamiri ya jamii. Akachovya brashi, akapaka bahari kidogo, akaniuliza mbona Kolekole hamwombi Pweza amfungulie mlango.

Nikamwambia hajui sanaa.

Mama aliingia kuchukua ungo. Nikampima. Nikamwuliza huyu pweza anamkumbusha nani. Mama alitazama kwa muda mrefu, kichwa upande. Akasema, "Bi Kulthum. Yule mama wa bwana arusi. Sukari yake huifungia kabatini, na ufunguo huutia shingoni."

Nilipigwa na bumbuazi. Ameishi nyumba moja na ami miaka yote hii. Lakini mama hakupata kusoma, na hajaona televisheni.

Jumanne, 8 Agosti

Bila kile kicheko, si televisheni. Ni sanduku.

Nilikwenda mtaa wa Wiyoni kwa Bi Mwanatumu, muuza mahamri, ambaye akicheka kwake watu wanajua nyumba ya tatu. Nilimweleza kazi. Atakaa nyuma ya pazia, asionekane. Nikigonga sanduku kwa kijiko mara moja, acheke. Nikigonga mara mbili, anyamaze.

Akaniuliza, "Nitateka nini?"

Nikamwambia hakuna cha kuchekea. Acheke tu. Nairobi wanafanya hivyo.

Akanitazama. Akasema, "Watu wa Nairobi wakaa nyuma ya pazia, wateka, na hawajui wateka nini?" Nikasema ndiyo. Hapo alianza. Alicheka hata unga ukamwagika. Nikagonga mara mbili kwenye sinia. Akaendelea. Nikagonga tena. Akajaribu kujizuia, akanitazama mimi nilivyoshika kijiko, akaanza upya.

Kuanza kwake ni kuzuri sana. Kunyamaza bado.

Sijaijaribu televisheni kwa taa. Karabai ya nyumba yetu iko juu kwa Bwana Phineas na itashuka kesho. Hakuna wasiwasi. Mwanga ni mwanga.

Jumatano, 9 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Chumba kilikuwa kile cha ndani kabisa kwa Hadia, kisicho na dirisha. Milango ikafungwa, giza likawa giza. Wanawake wamejaa mikekani. Mbele kabisa Bi Kulthum na watu wake, na nyuma yao, pembe za nyati na vijiti vya kupigia vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, baadaye. Hadia kitini, ameinamisha uso kama inavyompasa bibi arusi. Bi Mwanatumu nyuma ya pazia. Alawiya akawasha karabai, akaisogeza nyuma ya sanduku.

Pweza akatokea. Na ndani ya tumbo la Pweza akatokea mbu.

Mbu mkubwa kama mbuzi. Mwenye miguu myekundu. Wa serikali. Yale matangazo yalikuwa ya afya, la kwanza la malaria, na mwanga wa karabai ulipita karatasi kana kwamba haipo. Bibi mmoja akauliza kwa sauti pweza huyu amemeza nini. Mwingine akamjibu angoje, hadithi bado.

Nikazungusha haraka nimfikie Kolekole, anayetoa hotuba ya kwanza. Kolekole akatokea na macho yake mapana. Na katikati ya kichwa chake, palipo akili, pakatokea choo. Choo cha shimo, cha mfano, mlango wazi, na mshale wa kuonyesha njia.

Nikasoma hotuba. Ndiyo, niliisoma. Nilisema, "Ni nini basi kilichomo kichwani mwangu, enyi mnaonidharau?"

Sitaandika walivyocheka.

Sasa, katika kuzungusha haraka, kijiko kikaniponyoka kikagonga sanduku. Mara moja. Na wakati huohuo, mlangoni, wanaingiza sinia la zawadi kutoka kwa bwana arusi, dhahabu imetandazwa juu ya kitambaa, Bi Kulthum amesimama kuipokea ili watu waione. Nyuma ya pazia, mahali pasipo na mtu, kikatoka kicheko.

Watu wote wakanyamaza. Kicheko hakikunyamaza.

Nikagonga mara mbili. Nikagonga mara mbili tena. Bi Kulthum akauliza, polepole sana, ni nani mwenye kuteka dhahabu ya mwanawe. Na kwetu jambo la namna hiyo halibishaniwi kwa maneno. Watu wa Bi Kulthum waliinama, wakashika pembe na vijiti, na kabla sijasema kitu wakawa wamekwisha tunga:

*Pazia lateka, lina meno gani?*
*Wenyewe wa nyumba wamefita ndani.*

Pembe zikalia. Upande wa Hadia, walioambiwa wamejificha ndani, wakatazamana. Kutukanwa kwa wimbo ni deni, lazima ulipe kwa wimbo. Wakajibu kwamba dhahabu nyepesi hupeperuka kwa kicheko. Upande ule wakajibu juu ya mapishi ya upande huu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati na mpini wa fagio mkononi, Kolekole na choo chake wakiwaka nyuma yangu, na nyumba mbili zilizokaribia kuunganishwa zinatukanana kwa sauti nzuri kabisa.

Aliyeokoa ni Bi Mwanatumu. Alitoka nyuma ya pazia akitambaa, machozi yakimtiririka, hawezi kusema, ananionyesha mimi kwa kidole. Ni binamu wa Bi Kulthum. Bi Kulthum alipomwona akakaa chini, na yeye akaanza kucheka, na pembe zikanyamaza moja moja. Bi Mwanatumu alipopata pumzi akaeleza kwamba ameajiriwa ateke bila sababu, kwa mtindo wa Nairobi. Wakataka kuona televisheni tangu mwanzo.

Na hapa ndipo niliposhtuka kuliko mwanzo. Walianza kumtambua Pweza. Nilisubiri jina la ami. Bibi mmoja akamwambia mwenzake, "Yule mumeo." Mwenzake akasema, "Wangu mimi mikono minane? Wangu hata miwili hainui." Wengine wakasema ni karani fulani wa forodha. Wengine wakasema ni Bi Kulthum, wakaangalia pembeni. Bi Kulthum mwenyewe akasema anamjua, ni wifi yake wa Siu, yule mchoyo. Kila mmoja alimjua. Hakuna aliyeolewa naye. Hakuna aliyekuwa yeye.

Juu ya Kolekole hawakubishana. Walisema wote pamoja. "Khairiya."

Hata Hadia, bibi arusi, asiyepaswa kuinua uso siku ile, aliinua mato akanitazama.

Alhamisi, 10 Agosti

Ami ameniita asubuhi. Nilijua. Habari zimefika. Nilivaa vizuri kama mtu anayekwenda mahakamani na nikafurahi, kwa huzuni. Sasa atakuwa amejiona.

Akasema nimletee hilo sanduku.

Tulifunga madirisha ya sabule, chumba chake cha wageni. Alawiya akawasha karabai. Ami akakaa, mwavuli magotini. Nikazungusha. Pweza akatokea, mikono yote ikifunga, na mbu tumboni.

Ami akasogeza uso karibu. Nikahesabu hayo kuwa mwanzo wa toba. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Jeilani," alisema. "Wallahi ni Jeilani."

Alijipiga magoti. Akasema nitazame alivyoshikilia vitu vyote, hatoi hata njia ya maji. Akasema na huyo mbu, ah, huyo mbu ndiyo akili yenyewe, kwa sababu kila mtu anajua ni mfereji wa nani unaozaa mbu mtaa huu. Aliuliza nani alinifundisha kutia mbu tumboni. Nikasema serikali. Akacheka zaidi.

Nikaleta mkono wa nne, ulioshika mwavuli. Ami akageuza mwavuli wake upande wa pili ili aone vizuri.

Alicheka hata akakohoa. Kile kikohozi. Kilekile. Nikasimama wima. Ami akafuta mato, akaomba maji, akasema kahawa yangu ina tangawizi ya kuua punda, tangu Jumamosi koo lake halijapona, hata siku ile nilipokuja kumwambia jambo la Bwana Phineas hakusikia mwisho wake. Nilitaka kusema nini?

Nilishtuka. Lakini nikaona ni kisingizio. Mtu anayeguswa na ukweli hutafuta sababu za koo.

Nikasema si kitu.

Ami alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Idi. Akasema hakujua kama nyumba yake ina mtu wa kipaji hiki. Akasema, "Sema utakalo, mwanangu. Yeo sikunyimi kitu."

Nilikuwa sijajitayarisha. Mpango wangu ulikuwa na haya, mshtuko na toba. Furaha haikuwamo. Nikatafuta neno na neno lililokuja ni hili:

"Mafuta ya taa."

Ami akasema nitapata debe zima.

Alawiya, aliyekuwa anashika karabai, akasema, "Na mimi, baba, nataka kwenda Nairobi na Bwana Phineas. Wafundisha kuchora kwa ajili ya televisheni."

Ami akauliza kama ni kazi ya heshima. Alawiya akasema ndiyo. Akauliza wasichana watakaa wapi. Alawiya akasema kwa khalati Kadija. Ami akasema vyema, lakini si peke yake, nti ya watu si ya kukaa msichana mmoja, amtafute mwenzake waende ndia moya. Akapanda ngazi palepale kumwambia Bwana Phineas. Nilimsikia juu, sauti yake na ya Bwana Phineas, na vikombe.

Mazungumzo yote hayakuchukua muda wa kumimina kahawa. Sijapata kushangaa hivi. Bila pweza. Bila kicheko. Bila hata maua.

Baadaye Alawiya alinifuata jikoni. Nilikuwa tayari kwa majivuno yake, nilikuwa na jibu. Hakujivuna. Akasema huyo mwenzake ni mimi, ni nani mwingine. Bwana Phineas anazo nafasi mbili. Ila ami hataki kusikia kwa mtu, anataka mlezi asikie kwa mlelewa. "Kesho akirudi sala ya Ijumaa, mwulize. Neno moya tu, Khairiya. Baba atakukubalia hata hujamaliza."

Nikamwambia nitalifikiria.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimelifikiria. Nimefikiri tangu alfajiri na nimeona kosa lilikuwa wapi.

Pweza alikuwa fumbo mno. Nilikuwa nimewaonea watu wa hapa kwa kuwapa sanaa ya juu. Ngamia wale wa Nairobi walivaa tai, ndiyo maana Bwana Jaafar aliguswa. Ami hakuweza kujiona katika mnyama asiye na kofia. Nikimwuliza leo, atakubali kwa ajili ya Jeilani, kwa ajili ya mbu, kwa kicheko kisicho na maana. Atakuwa hajabadilika hata kidogo. Nitakwenda Nairobi kwa ruhusa ya mtu asiyejijua. Ni ushindi gani huo?

Na leo ndiyo siku. Ami amewaalika watu wa msikitini waje sabuleni baada ya sala kuona televisheni. Amemwalika hata Bwana Jeilani, mara ya kwanza tangu ule mfereji, kwa sababu anataka kumtazama uso wake akijiona. Bwana Jeilani amekubali kuja. Anasema amesikia Pweza ni Jamaludin mtupu, asingekosa.

Kwa hiyo nimechora upya, asubuhi yote. Hakuna pweza. Ni mzee, mtu kamili, mwenye kofia ya ami, ndevu za ami, mwavuli wa ami na sikio lile la ami lenye kovu. Anakohoa na anafunga milango. Chini nimeandika, kwa herufi kubwa, "Mwenye nyumba." Huyu hata kipofu atamjua. Kolekole nimemwacha, lakini nimempunguzia maneno na kumwongezea urefu.

Karatasi zilikwisha. Bwana Phineas yuko katika kufunga mizigo. Nikachukua matangazo mengine juu ya meza yake, yale mapya, bila kuyageuza nione upande wa pili kumechapwa nini. Muda ulikuwa mfupi na gundi ilihitaji jua.

Sala imekwisha. Ami amekuja kuchukua sanduku mwenyewe. Hakutaka mtumishi alishike. Alilibeba kifuani kama mtu anayebeba mjukuu, akanibusu kichwani, akaniuliza tena, mlangoni, kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikamwambia ataliona.

Sasa nasikia viatu vinavuliwa mbele ya sabule. Namsikia Bwana Jeilani akicheka kabla hajakaa. Nasikia madirisha yanafungwa, na ami anawaambia watu wasogee karibu, hasa wewe Jeilani, kaa hapa mbele.

Alawiya amekuja mbio, buibui mkononi. Sanduku lake la safari limekwisha fungwa, na juu ya kitanda changu, nimeliona, ameniwekea langu, tupu, kifuniko wazi. Ananiuliza kama nimekwisha mwuliza baba yake.

Nimemwambia ndiyo. Swali limo ndani ya televisheni, na karabai imekwisha washwa.